Kuingia si Kufaa: Utambuzi wa Vipuri vya Uma wa Mbele katika Ukarabati wa Pikipiki Kongwe

Utangulizi

Wahenga walilonga kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii huwaonya wale wanaovutiwa na kipya hata wakakitupa chao cha zamani kabla ya kuijua thamani yake. Katika shughuli ya kukarabati pikipiki kongwe, onyo hili lina uzito wa pekee. Mtu hununua pikipiki ya miaka ya 1960 ambayo imekwisha kupitia mikono mingi. Huufungua uma wake wa mbele, akatupa alichodhani ni takataka, kisha akaagiza vipuri vipya kwa kutaja jina la pikipiki peke yake. Vipuri vinapowasili, baadhi hukataa kuingia. Hilo ni tatizo dogo kwa sababu linaonekana. Tatizo kubwa hutokana na vile vinavyoingia ilhali si vyake.

Makala haya yanadhamiria kueleza namna ya kutambua vipuri sahihi vya uma wa mbele wa pikipiki kongwe. Mfano utakaotumiwa ni pikipiki ya Triumph Bonneville iliyoundwa katika kiwanda cha Meriden, nchini Uingereza, kati ya msimu wa 1959 na ule wa 1973. Mfano huu umeteuliwa kwa kuwa katika kipindi hicho kifupi uma wa Bonneville ulibadilika mara kadhaa, huku jina la pikipiki likibaki lile lile. Hoja ya msingi ni kwamba kuingia kwa kipuri si ushahidi wa kufaa kwake. Ushahidi hupatikana pale ambapo mashahidi watatu wanakubaliana: nambari ya pikipiki, mwili wa kipuri chenyewe, na orodha ya vipuri ya kiwanda.

Huenda msomaji akauliza suala hili linamhusu vipi mwanafunzi wa Kiswahili. Linamhusu kwa njia mbili. Kwanza, mbinu inayoelezwa hapa haitofautiani sana na ile ya mhakiki wa miswada, ambaye hupewa nakala iliyopitia mikono ya wanakili wengi akatakiwa kubainisha kilicho cha asili na kilichoongezwa baadaye. Pili, kazi hii hukwama mara nyingi kwa sababu ya majina, na majina ni uwanja wetu.

Uma wa Mbele na Viungo Vyake

Uma wa mbele ndio unaoliunganisha gurudumu la mbele na fremu. Una kazi tatu: kulishika gurudumu, kuligeuza kwa kufuata usukani, na kuimeza mitikisiko ya barabara. Pikipiki nyingi za kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ikiwemo Speed Twin iliyosanifiwa na Edward Turner na kuzinduliwa na Triumph mwaka 1937, zilitumia uma wa fito zilizounganishwa kwa viungo vinavyokunjika. Baada ya vita hivyo kumalizika mwaka 1945, Triumph ilihamia kwenye uma wa neli zinazoingiliana, na ndio unaozungumziwa katika makala haya.

Uma wa aina hii una miguu miwili. Kila mguu una neli mbili. Neli ya ndani, ambayo makala haya yanaiita mhimili, imefungwa upande wa juu na haisogei juu wala chini. Neli ya nje iliyo upande wa chini ndiyo inayobeba gurudumu, nayo hupanda na kushuka juu ya mhimili kama ala inavyoupokea upanga. Kwa sababu hiyo tutaiita ala. Miguu hiyo miwili hushikiliwa pamoja na vyuma viwili vilivyolala, kimoja juu na kingine chini, ambavyo tutaviita nira, kwa kuwa huiunganisha miguu kama nira inavyowaunganisha maksai wawili wa kulimia. Kwenye nira ya chini hutoka shina linalopita katika shingo ya fremu na kuuwezesha usukani kugeuka.

Vipo pia vipuri vidogo ambavyo thamani yake haipimwi kwa ukubwa. Springi hubeba uzito. Oili hupenya katika matundu madogo na kuzuia mguu usirukeruke baada ya kugonga shimo. Bushi huwekwa pale neli moja inapoteleza ndani ya nyingine, ili chuma kisisagane na chuma. Sili huzuia oili isivuje, nayo hukaa ndani ya kishikizo chake. Juu kabisa kuna nati kubwa, mithili ya kofia, inayoufunga mguu. Nje kuna vifuniko vya bati au mipira yenye mikunjo inayokinga vumbi.

Kiini cha Mkanganyiko

Mkanganyiko unasababishwa na mambo manne. La kwanza ni kwamba kiwanda hakikusubiri kubuni pikipiki mpya ndipo kibadilishe kipuri. Mabadiliko yaliingizwa msimu hadi msimu, na pengine katikati ya msimu. Bonneville ya 1963 na ile ya 1964 zikisimamishwa kando kando huonekana kama mapacha, ilhali ndani ya uma zao mpangilio ni tofauti.

La pili ni kwamba msimu wa kiwanda haukuwa sawa na mwaka wa kalenda. Kwa kawaida pikipiki za msimu mpya zilianza kuundwa mwezi wa Agosti wa mwaka uliotangulia. Kwa hivyo pikipiki iliyoundwa Oktoba 1963 ni ya msimu wa 1964. Anayeagiza vipuri kwa kufuata tarehe ya usajili anaweza kukosea kwa msimu mzima, au hata zaidi ikiwa pikipiki ilikaa dukani kwa muda mrefu kabla ya kuuzwa.

La tatu ni kwamba uma wa mbele ndio unaotangulia kukutana na ajali. Pikipiki inapogonga kitu, mihimili hupinda kabla ya sehemu nyingine nyingi. Hii ina maana kuwa katika pikipiki yenye umri wa miaka hamsini au sitini, uma ni miongoni mwa sehemu ambazo yamkini zimewahi kubadilishwa. Fundi wa wakati huo hakuwa na haja ya uhalisi; haja yake ilikuwa mteja arudi barabarani. Alichukua kilichopatikana, na kama kiliingia, kazi iliisha.

La nne ni kwamba uma haukupigwa nambari inayoufunga na pikipiki fulani. Injini ina nambari yake na fremu ina yake. Uma hauna cheti cha kuzaliwa. Nasaba yake sharti isomwe katika mwili wake.

Shahidi wa Kwanza: Nambari ya Pikipiki

Utambuzi huanza mbali na uma wenyewe. Kabla ya kuuliza kipuri hiki ni cha nani, ni lazima ijulikane pikipiki yenyewe ni ya lini. Katika Bonneville, nambari ya injini imepigwa upande wa kushoto, chini kidogo ya silinda, na nambari ya fremu imepigwa upande wa kushoto wa shingo ya fremu. Katika pikipiki za kuanzia msimu wa 1963, injini na giaboksi zilipoanza kuundwa kama kitu kimoja, nambari hizi mbili zilikuwa sawa wakati pikipiki inatoka kiwandani. Zikitofautiana, ni ishara kuwa injini au fremu ilibadilishwa, na mkarabati hana budi kuamua ni ipi atakayoifuata. Kwa masuala ya uma, fremu ndiyo yenye kauli ya mwisho, kwa maana ndiyo inayoupokea.

Kuanzia mwaka 1963 nambari za Triumph za sentimita za ujazo 650 zilitanguliwa na herufi DU. Kuanzia msimu wa 1969 kiwanda kilianza kutumia herufi mbili zenye maana. Herufi ya kwanza huonyesha mwezi na ya pili huonyesha msimu. Miezi kumi na miwili, kuanzia Januari hadi Desemba, iliwakilishwa na A, B, C, D, E, G, H, J, K, N, P na X. Misimu ya 1969 hadi 1973 iliwakilishwa na C, D, E, G na H. Msomaji atambue kuwa baadhi ya herufi zimerukwa, na anayehesabu alfabeti kwa vidole bila kulijua hilo atapotea.

Upo pia mtego mwingine. Pikipiki yenye herufi JD iliundwa Agosti, katika msimu wa 1970. Kwa kalenda, hiyo ni Agosti 1969. Herufi ya pili haitaji mwaka ambao chuma kilipigwa nambari. Hutaja msimu ambao pikipiki ni yake. Katika kuagiza vipuri, msimu ndio unaohitajika.

Shahidi wa Pili: Mwili wa Kipuri

Baada ya kuujua msimu, mkarabati huugeukia uma ulio mbele yake. Hapa kanuni ni kupima kabla ya kuamini. Vifaa vinavyohitajika si vingi: kipimio cha vernier, geji ya kupimia nyuzi za bolti, sumaku ndogo, rula ndefu, na kioo kinene kilicholala sawasawa.

Sumaku hutoa jibu la haraka kuliko vyote. Ala za Bonneville za kabla ya msimu wa 1971 ni za chuma cha pua, na sumaku hunasa. Ala za kuanzia msimu huo ni za aloi ya alumini, na sumaku haishiki. Rangi inaweza kuficha tofauti hii machoni, lakini sumaku haihadaiwi na rangi.

Kipimio cha vernier hutumiwa kupima unene wa mhimili katika sehemu kadhaa. Sehemu ambayo haikuwa ikisuguliwa huonyesha kipimo cha asili, na hicho ndicho hulinganishwa na vipimo vya kiwanda. Sehemu iliyokuwa ikisuguliwa huonyesha kiasi cha kulika. Aghalabu mkarabati asiye na uzoefu hupima mahali pamoja tu, tena palipolika, akahitimisha kuwa mhimili ni wa aina nyingine.

Kioo hutumiwa kuchunguza unyoofu. Mhimili hulazwa juu yake na kuviringishwa polepole. Uliopinda huacha mwanya ambao mwanga hupenya, na mwanya huo hupanuka na kufinyika kadiri mhimili unavyozunguka. Mhimili uliopinda unaweza kuwa wa asili kabisa na bado usifae. Uhalisi hauondoi haja ya usalama.

Springi hupimwa urefu wake ikiwa huru, unene wa waya wake, na idadi ya mizunguko yake. Kiwanda kilitengeneza springi za aina mbalimbali kwa matumizi tofauti, mathalani pikipiki yenye kigari cha pembeni ilihitaji springi ngumu zaidi. Baadhi zilitiwa alama za rangi, lakini baada ya miongo kadhaa ndani ya oili alama hizo huwa zimefutika. Jambo la kuzingatia ni kuwa springi mbili za uma mmoja sharti zilingane. Zikitofautiana, hata kama kila moja ni ya asili, zimetoka katika nyumba mbili.

Shahidi wa Tatu: Orodha ya Vipuri

Kiwanda kilichapa orodha ya vipuri kwa kila msimu au kundi la misimu, yenye michoro iliyoonyesha kila kipuri kikiwa kimetenganishwa na mwenzake. Nakala za orodha hizo zimechapwa upya na bado zinauzwa. Katika orodha za zamani za Triumph, nambari za vipuri vya uma zilianza na herufi H. Baadaye nambari zote ziligeuzwa kuwa za tarakimu tupu, na vipuri vya uma vikapewa kiambishi 97. Kipuri kilichoitwa kwa H na tarakimu zake hupatikana leo chini ya 97 kikifuatwa na tarakimu zile zile. Asiyelijua hilo huweza kudhani kuwa orodha mbili zinazungumzia vitu viwili tofauti.

Tahadhari moja ni ya lazima. Baadhi ya nira na ala zina tarakimu zilizojitokeza juu ya chuma. Tarakimu hizi mara nyingi ni za kalibu au za karakana ya kufua chuma, na si nambari ya kipuri. Kalibu moja huweza kuzaa vipuri viwili vinavyotofautiana baada ya kutobolewa na kuchongwa. Kuagiza kwa kufuata tarakimu hizo ni sawa na kulitambua shairi kwa jina la mchapishaji wake.

Mabadiliko ya Uma wa Bonneville, 1959 hadi 1973

Kwa kuwa mashahidi watatu wamekwisha kutajwa, sasa yafaa kueleza wanachotakiwa kuthibitisha.

Bonneville ilizinduliwa kwa msimu wa 1959, ikapewa jina la uwanda wa chumvi wa Bonneville ulioko Utah, Marekani. Pikipiki za msimu huo wa kwanza zilikuwa na bumba la bati lililoifunika taa na sehemu ya juu ya uma, mtindo ambao Triumph ilikuwa imeuanzisha msimu wa 1949. Kuanzia msimu wa 1960 taa ya Bonneville ilisimama peke yake. Kwa hiyo vifuniko vya juu vya uma wa 1959 havifanani na vya miaka iliyofuata. Springi za kipindi hiki zilikaa ndani ya mihimili.

Katika msimu wa 1964 springi zilitolewa nje na kuizunguka mihimili. Badiliko hili ndilo linalowatatiza wengi, kwa maana kwa nje uma bado umefunikwa, na macho hayaoni kilichobadilika. Anayeagiza springi za 1964 kwa ajili ya pikipiki ya 1962 atapokea springi pana zisizoweza kuingia ndani ya mhimili.

Katika msimu wa 1968 ulibadilishwa mfumo wa kudhibiti mwendo wa oili, na valvu ndogo ikawekwa upande wa chini wa mhimili. Katika msimu huo huo breki ya mbele iliboreshwa. Ni hapa ambapo mkarabati anapaswa kuliangalia kwa makini sikio lililo kwenye ala, ambalo huizuia sahani ya breki isizunguke pamoja na gurudumu.

Katika msimu wa 1969 nira zilipanuliwa. Umbali kati ya kitovu cha mguu mmoja na cha mwingine ulikuwa inchi 6.5; ukawa inchi 6.75. Tofauti hiyo ni robo inchi, yaani takriban milimita 6.4. Ni vigumu kuiona kwa jicho, lakini athari yake ni kubwa, kama itakavyoelezwa.

Msimu wa 1971 ulileta uma mpya kabisa, pamoja na fremu mpya iliyohifadhi oili ya injini ndani ya bomba lake kuu. Ala zikawa za alumini. Mihimili ikaachwa wazi bila mipira ya kukinga vumbi. Springi zikarudi ndani. Bushi zikaondolewa, kwa kuwa mhimili uliteleza moja kwa moja ndani ya ala. Beringi za shingo, ambazo awali zilikuwa gololi ndani ya vikombe, zikawa za rola zenye umbo la pia. Kwa kuwa Triumph ilikuwa mali ya kampuni ya BSA tangu mwaka 1951, uma huu ulitumiwa pia na pikipiki za BSA za wakati huo. Mguu uliotoka kwenye BSA ya 1971 unaweza kuwa sahihi kwa Triumph ya 1971 kuliko mguu uliotoka kwenye Triumph ya 1970.

Hatimaye, Bonneville ya msimu wa 1973 ilipata breki ya diski mbele. Ala ya kushoto ikaundwa ikiwa na masikio ya kushikilia kaliperi. Ala ya 1971 haina masikio hayo.

Mitego Mitatu

Mtego wa kwanza ni wa nira. Tuseme mtu ana nira ya juu ya msimu wa 1968 na nira ya chini ya msimu wa 1969. Zote mbili zimeandikwa Triumph katika tangazo la muuzaji, na mihimili inaingia katika zote mbili kwa kusukumwa kidogo. Lakini kwa kuwa upana wao hautoshani, miguu haiwi sambamba. Upande wa chini hupanuka na upande wa juu hubana. Ala zitapanda kwa shida na kushuka kwa shida, sili zitalika upande mmoja, na mwendeshaji atailaumu springi. Katika uma ulio sahihi, umbali kati ya mihimili hupimwa chini ya nira ya chini na juu karibu na nira ya juu, na vipimo hivyo viwili huwa sawa.

Mtego wa pili ni wa nyuzi za bolti na nati. Kwa muda mrefu viwanda vya pikipiki vya Uingereza vilitumia nyuzi za baiskeli, ambazo kwa ukubwa mwingi ni nyuzi 26 kwa kila inchi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Triumph ilianza kuhamia hatua kwa hatua kwenye mfumo wa nyuzi unaotumiwa pia Marekani, ambao katika bolti ya inchi 5/16 una nyuzi 24. Nati ya nyuzi 26 ikifungwa kwenye bolti ya nyuzi 24 huanza vizuri, ikazunguka mara moja au mbili, kisha ikakaza. Asiyejua hudhani ni kutu, akaongeza nguvu kwa spana ndefu. Nyuzi huchunwa, na kinachobaki ni nati iliyoshikilia kwa nusu. Katika kifuniko cha betri hilo ni kero. Katika bolti inayobana mhimili au inayofunga ekseli ya gurudumu ni hatari kwa uhai.

Mtego wa tatu ni wa sikio la breki. Sahani ya breki isiposhikwa ipasavyo na ala, mwendeshaji anapofunga breki sahani huweza kuzunguka pamoja na gurudumu, ikauvuta waya na kulifunga gurudumu ghafla. Kipuri kilichoingia bila kulalamika siku ya kufungwa huweza kudhihirisha ugeni wake katika mteremko. Hapa ndipo suala la utambuzi linapoacha kuwa mapenzi ya vitu vya kale na kuwa suala la maisha na mauti.

Kukarabati Familia, si Mtu Mmoja

Tuchukulie pikipiki yenye nambari ya injini na ya fremu zinazolingana, zinazoanza kwa DU na kuangukia msimu wa 1967. Sumaku haishiki kwenye ala zake. Shahidi wa kwanza anasema 1967. Wa pili anasema 1971 au baadaye. Orodha ya vipuri inathibitisha kuwa uma wa 1967 ulikuwa na ala za chuma, springi za nje na bushi. Hitimisho ni wazi: uma huu ni mgeni. Je, afanyeje mwenye pikipiki?

Zipo njia mbili za haki. Ya kwanza ni kuurejesha uma wa 1967 ukiwa kamili: nira, mihimili, ala, springi, vifuniko na breki yake. Ya pili ni kuubakiza uma wa baadaye ukiwa kamili vilevile, pamoja na nira zake, gurudumu lake na beringi zinazoulainisha mgeuko wake katika shingo ya zamani, na kutangaza bayana kuwa pikipiki imebadilishwa. Wapo wapendao breki ya diski kwa sababu ya usalama, na sababu yao ina mashiko. Isiyo ya haki ni njia ya tatu, ya kuchanganya mguu wa mwaka huu na nira ya mwaka ule, kisha kupaka rangi na kuiuza pikipiki kama ya 1967 halisi. Hapo mnunuzi huibiwa mara mbili: fedha zake na usalama wake.

Kanuni inayojitokeza ni kuwa vipuri vya uma huenda kwa familia. Hili mhakiki wa fasihi andishi ya kale analifahamu. Miswada ya Al-Inkishafi, mathalani, hutofautiana katika idadi na mpangilio wa beti. Mhariri anaweza kuufuata mswada mmoja, au kuonyesha wazi alipochukua kutoka mwingine. Akichanganya kimya kimya, hutoa matini ambayo haikuwahi kuandikwa na yeyote.

Suala la Istilahi

Gharama nyingi za makosa haya huanzia katika kuagiza. Katika gereji nyingi za Afrika Mashariki, neno shokapu hubeba kila kitu kuanzia mguu mzima wa uma hadi springi yake. Kati ya fundi na mteja wanaosimama mbele ya pikipiki moja, neno hilo linatosha, kwa sababu kidole kinakamilisha maana. Lakini vipuri vya pikipiki kongwe huagizwa kutoka mbali. Triumph ya sasa, yenye makao yake Hinckley, ilianza upya baada ya kiwanda cha Meriden kufungwa mwaka 1983, na vipuri vingi vya Meriden leo hutengenezwa na watu wengine kwa kunakili vya asili. Muuzaji aliye Uingereza haoni kidole.

Kwa hiyo fundi anahitaji vitu viwili. Kimoja ni nambari ya kipuri, ambayo haina lugha na haihitaji tafsiri. Kingine ni majina ya Kiswahili yanayotofautisha, ili afikiri na kumfundisha mwanagenzi wake kwa usahihi kabla ya kuifikia nambari. Maneno uma, nira, ala na mhimili hayakuletwa hapa kwa mapambo. Uma tayari hutumiwa kwa baiskeli. Nira na ala ni maneno ya mkulima na ya askari wa kale ambayo umbo na kazi zake zinajieleza. Yapo pia maneno ya mkopo yaliyokwisha kuota mizizi, kama vile springi, bushi, sili na beringi, na hakuna haja ya kuyang'oa. Istilahi nzuri ni ile inayomzuia fundi kuagiza kisicho chake.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa utambuzi wa vipuri vya uma wa mbele ni kazi ya ushahidi. Mkarabati huanza kwa kuisoma nambari ya fremu na kuujua msimu, si mwaka wa usajili. Huupima mwili wa kipuri kwa vernier, geji, sumaku na kioo. Huulinganisha na orodha ya msimu huo, akitofautisha nambari ya kipuri na tarakimu za kalibu. Hatupi kipande chochote cha zamani, hata kilichovunjika, kabla kazi haijakamilika, kwa kuwa kipande hicho huenda ndicho kielelezo pekee alicho nacho. Mashahidi wakitofautiana, hutafuta sababu badala ya kumnyamazisha mmoja wao.

Nchini Kenya mapenzi ya magari na pikipiki za kale yana jukwaa lake katika mashindano ya Africa Concours d'Elegance, yanayofanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi. Lakini pikipiki huendeshwa pia nje ya viwanja vya maonyesho, katika barabara zenye mashimo na miteremko, na barabara haitoi alama kwa rangi inayong'aa. Maarifa ya kuutambua uma ulio sahihi yanastahili kuandikwa kwa lugha ambayo fundi na mwanagenzi wake wanazungumza. Wanafunzi wa Kiswahili wana zana za kuifanya kazi hiyo, na gereji zipo karibu na kila chuo.